Muuguzi Mpima Mafua

Muuguzi anayefuatilia mafua mtaani kwetu hubisha hodi kwa kiwiko, kwa kuwa mikono ameshaisafisha. "Tazama dari, kaka," huniambia, huku kijiti kikiingia puani taratibu. Mimi, baba wa watoto watatu na mnyanyua vyuma, hulia mpaka wanangu wanacheka. Yeye hacheki. Hunipa karatasi laini, kisha huuliza kwa sauti ya chini nani humu ndani anakohoa.

Juzi alipiga chafya mlangoni. Akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi.

"Nipime, kaka. Nikijipima mwenyewe najikwepa, na nyumbani nina mama, mapafu yake mabovu."

Nikavaa barakoa na glovu, nikajitia ushujaa. Kijiti kikamgonga shavuni kwanza. Akafumba macho, akaning'ang'ania mkono wa shati kama mtoto. Baada ya robo saa kipimo kikaonyesha mistari miwili: anavyo virusi. Akaketi palepale, akapiga simu.

"Mama, leo silali nyumbani. Kazi nyingi tu. Sijambo kabisa."

Alikata simu, akaangua kilio. Nami, jabali la mtaa, nilikuwa nimeshamtangulia kulia.