Figo Yangu Ilikuwa Muzima

Siku ya kwanza ya kazi nilifika na talons, viatu bya kisigino kirefu. Nilikuwa na diplôme d'État, option pédagogie, ni kusema ualimu, nikazania dépôt, gala ya kakao ya Mulekera, pale Beni, ilikuwa inanitafuta juu ya kuandika. Kapita, ni kusema mukubwa wa batumikaji, mama munene wa sauti, aliniangalia miguu, akacheka mpaka akashika ukuta.

— Mwalimu, vua ile bintu. Hapa tunafundisha kakao kukauka.

Nilivua. Nilitumika miguu chini miaka kenda. Sasa niko na miaka makumi tatu na moja, na niko retraitée, nimestaafu. Wewe binti unayesoma, hapana cheka.

Kakao inatoka shamba na maji yake. Kwanza tunaiweka ndani ya masanduku ya mbao, tunafunika na majani ya ndizi siku tano ao sita. Inachacha, inapata moto, inanuka kama pombe. Ukiianika mbele haijachacha, inakuwa chungu na mununuzi anaikatala. Kisha tunaimwanga juu ya bashi, ile turubai kubwa ya plastiki, na tunaipindua na rato, reki ya mbao, kutwa muzima tumeinama. Gérant, musimamizi wa dépôt, alikuwa na mashini ya kupima maji. Kapita aliuma punje moja na meno, akatema. Mashini ilisema tayari, Kapita akasema bado, na Kapita njo alikuwa na haki. Ile ujuzi alinipatia yote. Alikuwa amezeeka, na aliishaniambia fasi yake itakuwa yangu.

Kitu yenye iliniharibu ni kukimbiza kakao na mvula. Mvula ya Beni haibishi hodi. Ikianza, banamuke banashika ncha za bashi na kuivuta na kakao yake yote mpaka chini ya manjanja, paa ya mabati. Desturi ya dépôt ilikuwa watu bane. Gérant mupya akasema bawili banatosha, bengine bachambue. Siku ile nilivuta huku nageuka kuangalia nyuma. Kitu ikasema ta! ndani ya kiuno. Nilimaliza kuvuta kwanza, njo nikaanguka. Mpaka leo ile inanichoma roho: nilimaliza kwanza.

Sasa sikia ujinga yangu. Ku centre de santé, infirmier, muuguzi, akaniuliza niko na nini. Mama mulimaji angejibu: mugongo. Mimi mutu wa masomo nikajibu: « J'ai mal aux reins. » Kifaransa yetu ya nyumbani, reins ni kiuno. Kifaransa ya kitabu, reins ni figo. Infirmier naye alikuwa mutu wa kitabu. Akaandika figo, bila kunigusa mugongo. Miezi ine nilimeza dawa za figo, nikakunywa maji kama ng'ombe, na kila asubui nikarudia ku bashi. Muguu ya kushoto ikaanza kulala. Binti yangu Gloire, wa mwaka moja, alininyooshea mikono, nikaogopa kuinama. Akalia. Na mimi nikalia.

Mama bukwe, mama ya bwana yangu, njo alichoka.

— Mama Gloire, figo gani inalaza muguu? Twende kwa koko.

Koko ni mama muzee anayekanda batu benye kuvunjika. Nilizania atanipanda na magoti. Alinilaza, akapitisha kidole toka shingo kushuka chini, akafika fasi moja, nikapiga kelele. Akafinya kidole cha muguu.

— Unasikia?

— Kidogo tu.

Akapangusa mafuta ku mikono.

— Hii siikandi. Nikiikanda, kesho utanilaani. Wewe mama, mupeleke Butembo kwa docteur wa mifupa.

— Na figo, koko?

— Figo yako iko muzima! Nani alikudanganya?

— Mimi mwenyewe.

Nilipanda Butembo nikiwa nimelala upande ku kiti ya nyuma ya gari. Docteur aliinua muguu yangu, akagonga goti na nyundo kidogo, akanipeleka ku picha ya ndani ya mwili. Akanifasiria: kati ya mifupa ya mugongo kuko disque, kama kamuto kadogo ka kulalia. Yangu ilitoka fasi yake na inafinya mushipa ya muguu. Njia ziko mbili: kupasua, ao kutumika na kiné, mwenye kufundisha mwili mazoezi, miezi tatu bila kubeba kitu.

— Unipasue, docteur. Nirudie haraka.

— Urudie wapi?

— Ku kakao.

— Basi nitakupasua bure. Muguu ikikufa kabisa, ao mukojo ikikuponyoka, kuja mbio, siku ileile nitapasua. Lakini yako ingali na nguvu. Bengi kama wewe banapona bila kisu. Mwenye haponi ni ule anarudia kuvuta.

Nilikaa siku tatu kwa dada yangu, ndani ya baridi ya Butembo, nikifikiri. Kisu ilikuwa inanipendeza juu iko na mwisho: unalala, unaamuka, unarudia. Kiné haina damu, hata mutu wa kukuhurumia haiko. Na fasi ya Kapita? Lakini nikajiuliza: nikipona kwa kisu, nitaenda kuvuta nini? Ile ile. Nikachagua kiné, nikarudi Beni.

Kiné wangu alikuwa musichana mudogo kwangu, mukali kama surveillant wa shule. « Mama, hapana amuka hivyo! Pinduka upande kwanza! » Mwezi wa tatu, vidole bya muguu bikaamuka.

Gérant akaniita.

— Mama Gloire, umepona. Fasi ya Kapita inakungoja.

— Nakubali, kama ku bashi tunarudisha watu bane.

— Kakao iko na uzito yake tangu zamani za bakoko betu.

— Mugongo pia iko na uzito yake.

— Basi nitatafuta mwengine.

— Tafuta.

Nikatoka. Wasiseme nilifukuzwa. Ninakosa ile kazi, ninakosa hata harufu ya masanduku. Binti, ukienda ku munganga, sema na luga ya mama yako, na uonyeshe na kidole. Na ukisikia ta, achilia. Kakao ilowe.

Juzi kiné aliniruhusu kubeba. Siku ya mungu nilifunga Gloire ku mugongo na kitenge, tukapanda ku kanisa na miguu. Alilala mbele tufike. Alikuwa muzito. Sikumushusha.