Picha Isiyo na Miguu

Mjukuu wangu hana bosi. Watu wa kanisani wakiniuliza ameandikwa wapi, nawaambia hivyo hivyo: hana bosi, ana kamera. Anakaa mjini Homa Bay, chumba kimoja juu ya duka la mbegu, godoro liko sakafuni, na kwenye kona amesimamisha ile fimbo ya miguu mitatu ya kushikilia kamera. Fimbo hiyo anaiheshimu kuliko godoro. Siku ya kwanza nilipomtembelea nilianika leso yangu mbichi juu yake. Alipiga yowe utafikiri nimeianika juu ya kichwa cha mchungaji.

Kazi zake za mwaka huu nazijua zote, kwa sababu kila akimaliza ananiletea simu nione. Alienda kisiwa cha Takawiri akakaa wiki nzima na wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Alirudi ananuka mpaka paka wa ploti wakamsindikiza mlangoni. Akaenda Awendo kwa wakata miwa. Kuna mmoja pale, masizi tupu, meno na macho ndiyo yanaonekana, na nyuma yake lori limebeba miwa kama nyumba inayohama. Nikamwambia, "Huyu umempiga vizuri. Lakini ulimpa maji?" Alikuwa amempa. Basi nilijua nililea mtu. Katikati ya hizo kuna harusi, mahafali, watoto waliotimiza mwaka mmoja. Harusi ndizo zinazompa chakula. Hizo zingine ndizo zinazompa usingizi mtamu.

Sasa, tulipomaliza kuvuna mahindi akaja kwangu hapa karibu na Rodi Kopany. Hata hakuketi.

"Dani," akaniita, ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita nyanya, "nimepewa ukuta!"

"Ukuta wa nini? Unajenga?"

"Ukuta wa ukumbi, Migori. Kuna maonyesho ya picha. Wamenipa ukuta mzima, mimi peke yangu. Nataka niujaze nyuso za wamama wazee wa soko, kumi na wawili. Nyuso kubwa, Dani. Kubwa kama mlango!"

Nilicheza hapo hapo uani na magoti yangu haya mabovu. Muelewe, huyu mtoto hajawahi kupewa ukuta. Picha zake zilikuwa zinakaa ndani ya simu za watu, ama juu ya kabati la maharusi. Lakini kulikuwa na sharti. Alikuwa na wiki tatu. Ukuta usipojaa, anapewa mpiga picha mwingine, mwanamume wa Kisumu, ambaye picha zake tayari zilikuwa zimefungwa ndani ya boksi zinangoja.

"Kumi na wawili tu?" nikasema. "Rodi imejaa vikongwe kama viroboto. Twende siku ya soko."

Tulienda. Mimi mbele kama chifu, yeye nyuma na kamera. Nilianza na muuza omena. Huyo na mimi tumeolewa ukoo mmoja, kwa hivyo tunaitana nyieka, mke mwenza, ijapokuwa kila mmoja alikuwa na mume wake. Tumegombana miaka arobaini na hatujawahi kukosana.

"Anataka nini huyu msichana wako?" akaniuliza.

"Picha yako. Itawekwa ukutani Migori."

"Yawa! Ngoja nivae viatu."

"Viatu si lazima, mama," mjukuu wangu akasema kwa adabu. "Ni uso tu. Mpaka hapa mabegani."

Nyieka alikuwa anapima omena na mkebe. Akauweka chini.

"Na miguu yangu inaenda wapi?"

"Haitaonekana, mama."

Akanigeukia mimi. "Nyieka, nilikukosea nini? Umeniletea mtu wa kunizika?"

Nilijua tumekwama. Kwetu picha ya mtu aliye hai ina miguu. Unasimama wima, mikono imenyooka, na viatu vionekane, watu wajue ulikuwa na viatu. Picha ya kichwa peke yake, tena kubwa, ni ile inayofungwa mbele ya gari la maiti na kutundikwa kwenye lango siku ya matanga. Wengi wa rika langu hiyo ndiyo picha yao ya kwanza kukuzwa, na wenyewe hawakuiona.

Muuza mboga alikataa. Wa vyungu alikataa. Wa mitumba alisema ataomba kwanza, na mimi najua mtu anayesema hivyo tayari ameshajibiwa. Tulizunguka soko lote tukarudi bila uso hata mmoja. Njiani mjukuu wangu alikuwa anapangusa kioo cha kamera, anapangusa tena, na kilikuwa safi.

"Nipige mimi," nikamwambia tulipofika. "Uchapishe hiyo kubwa kama mlango, tuilete sokoni. Wakiniona kwenye bango, halafu wanione hapo chini natafuna muwa, watajua haiui."

Akanikalisha kando ya ghala. "Usicheke, usinune. Fikiria kitu unachokipenda." Nikafikiria ng'ombe wangu mwekundu aliyekufa mwaka wa ukame. Ndiyo maana kwenye ile picha macho yangu yako mbali. Watu wa Migori walisema ni hekima. Ni ng'ombe.

Bango kubwa huchapishwa Homa Bay, kwenye kiduka kimoja ambacho mwenyewe huchapisha picha za matanga Jumatatu mpaka Ijumaa. Mjukuu wangu alimtumia picha kwa simu, akaenda zake kupiga harusi. Yule fundi hakuuliza swali. Aliona mwanamke mzee, kichwa bila miguu, akajua kazi yake. Akaweka maua ya zambarau kwenye kona zote nne. Akaweka njiwa wawili weupe juu ya kichwa changu. Pembeni akaongeza mshumaa unaowaka, kwa roho yake nzuri.

Mwendesha bodaboda aliyetumwa kulichukua ni mzee wa kanisa, ndevu nyeupe, mtu wa heshima. Alilifunua kidogo aone kama wino umekauka. Akavua kofia. Kisha hakulikunja tena. Alilifunga mbele ya pikipiki, akachomeka matawi mabichi kando ya taa, akawasha taa mchana kweupe, akaanza safari ya Rodi polepole huku anapiga honi, vile anavyosindikizwa mtu anayerudi nyumbani mara ya mwisho. Alipita katikati ya soko saa sita, soko limejaa.

Mimi mwenyewe nilikuwa shambani nyuma ya nyumba, nachuma maharagwe. Nikasikia mayowe. Si mayowe ya mtu mmoja, ni ya soko zima, na yanaingia kwa boma langu! Nikasema, hapa kwangu kuna msiba na mimi sijui? Nikatupa kikapu, nikaweka mikono kichwani, nikakimbia nikilia. Haki ya Mungu sikuwa najua nani amekufa, lakini nililia vizuri. Kilio hakingoji jina.

Nilipofika uani walikuwa wamejaa, migongo kwangu, wanaruka mbele ya mlango. Nyieka wangu alikuwa mbele ya wote, amefunga leso kiunoni, anapiga kifua. Nikamshika bega kwa nyuma nikamtikisa.

"Ni nani? Yawa, ni nani ametuacha?"

"Ni wewe, nyieka!" akalia, hata hakugeuka. "Ni wewe! Mdomo wako ulikuwa wembe, lakini mkono wako haukufungwa hata siku moja! Nani atanitukana asubuhi? Nani atakula omena yangu aseme ina mchanga na kesho arudi kununua? Umeniachia nani, wewe mbaya?"

Halafu akageuka.

Kwanza alinyamaza yeye. Halafu wakanyamaza walio karibu, na ukimya ukaenda mpaka langoni kama maji yanavyoingia mfereji. Kuku akalia. Nyieka akanitazama usoni, akashuka mpaka kwa miguu yangu, matope mpaka kwenye vifundo, akaitazama sana. Kisha akanizaba kofi begani.

"Unakufa bila kuniambia, na unafufuka bila kuniambia!"

Soko zima likaanguka kwa kicheko. Wanawake wazima walilala chini. Wa mitumba alishika mti. Yule mwendesha bodaboda alikuwa ameegemeza pikipiki langoni, bango bado liko mbele, na mimi na njiwa wangu tunamwangalia. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

Wakati huo huo mjukuu wangu akaingia. Alikuwa ametoka harusini, akashuka Rodi, akakuta omena zimeanikwa hazina mwenyewe, nyanya zimeachwa, na mtu mmoja tu wa kinyozi aliyemwambia, "Pole sana, dani wako ametutoka." Alikimbia njia yote, kamera inampiga kifuani. Aliponiona nimesimama alikaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kupigia picha harusini. Nikamwendea nikamshika kichwa.

"Niko," nikamwambia. "Sijaenda popote. Nilikuwa kwenye maharagwe."

Akafuta machozi kwa kiwiko. Akanitazama, akawatazama wale waliokuwa bado wanagaagaa kwa kicheko, na kamera ikapanda yenyewe.

Watu wakija kulia kwako huwezi kuwarudisha na njaa, hata kama hukufa. Niliweka nyoyo jikoni, mahindi na maharagwe sufuria kubwa, na chai. Tukakaa uani. Mimi nilikuwa na utamu mdomoni ambao haukutoka kwa chai.

"Nyieka," nikasema, "rudia yale ya mkono wangu usiofungwa."

"Yale yalikuwa ya marehemu. Wewe sikupi kichwa."

Wakacheka. Yeye akaendelea kupuliza chai yake, halafu akauliza chini chini, kama hataki, "Na mimi nikienda, wewe utasema nini?"

Sikungoja. "Nitasema mwaka ule nilikuwa na watoto watano na unga hakuna, ulinitupia samaki mlangoni ukasema amekubakia, ataoza. Nikakasirika kwamba unanipa kilichobaki. Jioni nilipita kwako nikakuona unakula ugali na chumvi. Sijawahi kukuambia kwamba nilikuona."

Kikombe kilisimama karibu na mdomo. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sijaiona miaka arobaini, na miaka hiyo yote nimekuwa nikiuangalia. Nikasikia kamera: cha!

Nilifikiri atafoka. Akagusa kitambaa chake cha kichwa.

"Tena," akamwambia mjukuu wangu. "Hiki kilikuwa kimeenda kando."

Basi kazi ikaanza! Wa mboga akasogeza kiti: na yeye aambiwe yake. Wa vyungu akasema asipoambiwa yake leo hatoki kwangu. Kila mmoja alikaa kando ya ghala, wengine wakamwambia usoni yale ambayo tungengoja mpaka asisikie, na mjukuu wangu alipiga bila kupumzika. Kulikuwa na vicheko, kulikuwa na kilio, na mmoja aliambiwa kwamba anaimba vibaya kanisani lakini bila yeye wimbo hauanzi. Siku ya soko iliyofuata walikuja waliobaki. Tulikuwa kumi na wawili pamoja na mimi, na hakuna aliyetaja tena neno la kuzikwa. Mwendesha bodaboda aliomba na yeye apigwe. Tukamwambia angoje ukuta wake.

Mjukuu wangu alitaka bango langu lichapishwe upya, bila maua. Nilikataa. "Weka hivyo hivyo. Hao njiwa ndio walioleta soko kwangu."

Siku ya Migori tulivaa. Ukumbi ulikuwa na watu waliovaa miwani, wanasogea karibu, wanarudi nyuma, wanatikisa kichwa. Na ukuta wa mjukuu wangu ulikuwa umejaa! Nyuso kumi na mbili kutoka kona hadi kona, kubwa kama milango, mimi katikati. Hapakuwa na nafasi ya kuning'iniza hata kalenda. Nilimwona akiutazama kwa mbali, mikono mdomoni.

Nyieka alikuwa ameinama mbele ya uso wake, anachungulia chini ya bango.

"Unatafuta nini?"

"Miguu."

"Tulishamaliza hayo!"

"Wewe ulimaliza." Akageuka, akaweka mgongo chini ya picha yake, akanyoosha mikono ubavuni. Alikuwa amenunua viatu vyeusi vya kung'aa, bado vinalia. Akamwita mjukuu wangu mbele ya wale watu wote. "Wewe! Njoo upige sasa. Kichwa kiko juu, miguu ndiyo hii."

Wa mboga akaenda akasimama chini ya wake. Wa mitumba akaenda. Wote wakajipanga. Mimi nikachukua nafasi yangu chini ya njiwa na mshumaa, nikasogeza leso juu kidogo ili viatu vyangu vya kanisani vionekane vizuri. Mjukuu wangu alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta wa pili, ili tuingie wote.