Mijohoro ya Mama Upande wa Upepo

Harufu ya jani la mchungwa likifikichwa vidoleni hunirudisha Katonga, kijiji cha kando ya ziwa, kwenye shamba ambalo Bi Zuhura, mwenyeji Muha aliyetupokea tulipovuka ziwa kutoka Burundi, alimwazima mama yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ziwani na kumwagilia michungwa kumi na miwili, ndoo kichwani, safari nane kwa siku. Niwaambieni ukweli, niliichukia michungwa ile kama jirani mwenye mdomo.

Kiangazi upepo wa ziwani ulilipiga shamba tangu asubuhi. Ukimwaga maji, ukigeuka tu kuokota ndoo, udongo umeshapauka. Ndipo Mama akatafuta miche ya mijohoro, akaipanda safu mbili upande wa upepo.

"Hii itauzuia," aliniambia. "Maji yako yatakaa chini."

Miche haijanifika magotini, akaja balozi wa nyumba kumi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na amri.

"Mama, mkimbizi hapandi miti. Lima mahindi, lima maharage. Mti ni kudai ardhi. Ing'oe."

"Oya," Mama alikataa kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili asije akakosea kusikia: "Sing'oi. Ng'oa wewe, halafu umsaidie huyu mtoto kuchota maji."

Balozi akainama, akang'oa mitatu. Sijui ujasiri niliupata wapi; nilikwenda nikaketi kwenye mstari, nikaukumbatia mche wa nne. Bi Zuhura akatokea mbio, kanga ikimdondoka begani.

"Shamba ni langu, Balozi. Na miti ni yangu. Kaseme hivyo."

Balozi aliondoka akinung'unika. Mama akairudishia ile mitatu siku ileile. Mmoja ulikufa, akapanda mwingine.

Baada ya miaka mitatu mijohoro ilikuwa imenipita mbali kwa kimo. Udongo ulishika unyevu hadi jioni, na safari zangu zikawa tano. Mwaka uliofuata michungwa ikatoa maua, nasi tukaambiwa turudi kwetu. Asubuhi ya kuondoka Mama aliimwagilia michungwa yote.

"Mama, machungwa haya hatutayala!" nilifoka.

Akanipa ndoo.

Nilidhani kupanda na kumwagilia kule kulikuwa ukaidi tu, au huruma kwa shingo yangu iliyobeba ndoo. Ukubwani ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile aliambiwa yeye ni mpita njia, apande kile tu atakachowahi kukivuna kabla ya kuondolewa. Mama hakukubali kuishi hivyo hata siku moja, wala hakumwomba mtu ruhusa.