Bahasha za Zepelini Kwenye Beseni

Baba alikuwa karani wa posta hapa Tabora, na hadi anastaafu hakuwahi kupanda ndege. Lakini alikuwa na bahasha kuukuu zilizosafiri kwa zepelini, yale maputo marefu ya injini yaliyobeba abiria na barua zamani. Alipewa na familia ya mwenye duka mmoja iliyokuwa inahama mji.

Kaka yangu alihamia Nzega kufuata dhahabu. Mimi, baada ya kuachika, nilirudi nyumbani, mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, kumtunza baba. Alasiri tulikaa barazani, yeye na lenzi yake, mimi na macho yangu.

"Stempu kila mtu anazo," aliniambia. "Tazama mihuri."

Palikuwa na muhuri wa posta ilikotoka barua, muhuri wenye picha ya zepelini kuthibitisha kwamba ilipanda humo, na nyuma, muhuri wa kupokelewa. Bahasha moja iliandikiwa duka la hapahapa Tabora. Muhuri wake mwekundu ulikuwa umefifia, tukabishana msimu mzima wa masika kama ni wa zepelini au wa ndege. Siku moja niliipeleka juani nikaiinamisha, nikaona mkia wa puto na herufi chini yake. Baba alicheka hadi akakohoa. "Umeuona, mwanangu! Umeuona!"

Alipofariki, kikao cha ukoo kilimpa kaka zile bahasha. Nilipouliza sababu, baba mdogo alinijibu, "Wewe mama ni wa kuolewa. Vya ukoo hubaki kwa wanaume." Kaka nilimwambia kitu kimoja tu: asibandue stempu. "Nimekusikia," akasema.

Nilipomtembelea Nzega, nilikuta beseni uani. Stempu zilikuwa zimeanikwa juu ya gazeti. Bahasha zilikuwa zimelowa, ule wino mwekundu umechuruzika, na zilizokauka wifi alikuwa anawashia jiko la mkaa.

"Kaka, nilikuambia."

"Jamaa mmoja hapa Nzega kanihakikishia kinachouzika ni stempu. Mambo yenu na mzee mimi ningeyajulia wapi?"

Nikarudi Tabora siku ileile. Sikulia ndani ya basi. Nililia jikoni kwangu, nikiwa nimeshika sufuria.

Baadaye kaka akaja Tabora. Mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa ameona picha za stempu kwenye simu akazikataa. Alitaka bahasha nzima na mihuri yake.

"Wewe si unazijua zote?" kaka akaniambia. "Andika maelezo, stempu ipi ilitoka bahasha ipi. Saini, nimtumie."

"Muhuri umekatika, kaka. Kipande kiko kwenye stempu, kingine mkeo kakichoma. Nithibitishe nini?"

"Una roho mbaya."

Akaondoka bila kugusa chai. Baba mdogo akanipigia simu kunigombeza: nimemnyima kaka yangu riziki kwa sababu ya wivu. Ukoo mzima unaamini hivyo. Kwenye harusi za ukoo, wifi hukaa meza ya mbali, na watoto wa kaka hawaniamkii.