Kebo Tuliyoipima kwa Kiganja

Dada anayeendesha mashine ya kukoboa mpunga ya mama mdogo alirushwa na umeme asubuhi, wateja wakiwa kwenye foleni, akaangukia rundo la pumba. Pumba ndizo zilizomwokoa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikosa nguvu wiki nzima, na mpaka leo, kabla ya kushika bodi ya mashine, huigusa kwanza kwa mgongo wa vidole.

Kebo iliyomfikishia umeme ule ilikuwa mpya. Siku ya kuinunua nilikuwepo, na mimi ndiye niliyeisoma.

Mashine iko Igoma, pembeni mwa barabara ya Musoma. Mpunga kutoka Magu ulikuwa umezidi uwezo wa mota ya zamani, mama mdogo akafunga kubwa zaidi. Fundi umeme wake wa miaka mingi akasema kebo nayo lazima ibadilishwe, iwekwe ya kumi na sita. Alimaanisha milimita za mraba za shaba iliyo ndani.

Fundi wetu haendi dukani na karatasi. Huenda na kipande. Alikuwa na kipande cha kebo ya kumi na sita, urefu wa shibiri moja, alichokibakiza kwenye kazi nyingine, na mafundi wengine niliowakuta pale kaunta, dukani Mabatini, nao walikuwa na vyao mifukoni. Muuzaji alikata kebo mpya urefu uleule, akailaza kando ya kipande. Fundi akavibeba vyote viwili, kimoja kila kiganja, akafumba macho, akabadilisha mikono, akakunja ncha kuona inavyokataa.

"Fundi, unanunua kebo au unanunua muwa?" muuzaji akamuuliza.

"Muwa mwembamba hauna maji," fundi akajibu bila kufumbua macho.

Watu wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Aliuliza kama kebo hiyo itabeba mota, fundi akasema itabeba, kisha akanigeukia mimi kwa sababu kwenye ukoo wetu mimi ndiye msomaji. Nikavaa miwani. Kwenye ganda jeusi palikuwa na ukubwa, volti, namba ya kiwango na alama ya ubora. Nikamsomea yote kwa sauti, nikamwambia iko sawa. Kisu kilikuwa pale juu ya kaunta. Sikumwomba mtu amenye hata kidogo.

Baada ya ajali tulimfuata, fundi akiwemo, mzee mmoja tunayesali naye, mhandisi mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hatujamaliza kueleza akaomba kipande cha kebo ile kisichoungua. Akakimenya polepole kama anayemenya ndizi ya kupika. Nyuzi saba za shaba. Akaubana mmoja kwenye kipimo chake cha chuma, akanionyesha mimi, si fundi.

"Unene milimita moja nukta tatu. Kwa kumi na sita ungekaribia moja nukta saba."

Nikapiga hesabu pale pale: nyuzi zote saba hazikufika hata milimita kumi za mraba. Kilichoijaza kebo ilikuwa plastiki nene, nzito, yenye unga mweupe ndani yake. Mota ilipovuta umeme kutwa, siku baada ya siku, shaba ile nyembamba ilichemka ndani ya bomba la chuma ilimopitishwa kebo, plastiki ikalainika, waya ukagusa bomba, na bomba limeungana na mashine. Waya wa ardhini ungetakiwa kuuondoa umeme ule na kukata fyuzi, lakini nati yake ilikuwa imelegea. Hilo nalo mzee alilisema, na fundi hakulikana.

Fundi akasema amepima hivyo maisha yake yote.

"Najua," mzee akamwambia. "Na aliyetengeneza hii anajua pia."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba mtu aliye mbali, asiyepajua Mabatini, angeweza kujua mikono yetu inatafuta nini, na macho yangu pia, akaipa mikono uzito na macho maandishi.

Kebo ya pili tuliinunua kwingine. Tulidai cheti cha shehena yenyewe, namba yake tukailinganisha na iliyo kwenye ganda, ncha ikamenywa na kupimwa mbele yetu. Dada alikuwa amesema hatarudi kazini mpaka aione shaba kwa macho yake, basi kipimo akakishika yeye. Mzee mwenyewe alikaza nati ya waya wa ardhini.

Kisha mama mdogo akauliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyeliuliza: ile roli ya kebo tuliyokatiwa, iliyobaki ilienda wapi?

Tulirudi Mabatini. Muuzaji hakubisha, alipoona nyuzi alikaa chini. Alikumbuka kwamba yote iliyobaki ilichukuliwa na mwanamume mmoja, wiki ileile, ya kufungia mashine ya barafu ya samaki upande wa Pasiansi. Jina hakuandika, wala simu.

Nimekwenda Pasiansi mara tatu na kipande kilichomenywa. Watengeneza barafu wawili walinifungulia, kebo zao si hiyo. Wa tatu, karibu na maji, sijamkuta. Jirani yake anasema mashine huwashwa alfajiri, na wapakiaji huingia peku kwa sababu sakafu haikauki.