Koti la Vifungo Vyeupe

Zipporah alikuwa fundi cherehani wa sare za shule kule Wote, Kenya, kabla hajaja Saudia kufanya kazi za ndani, na ufundi huo ndio uliomponza. Nasema kwa hasira, maana mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.

Alifanya kazi Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, kwa mzee mstaafu ambaye sote tunamwita baba. Mimi Asumpta, mtu wa Moshi, ni mpishi katika nyumba yake nyingine, ya Al-Hamra huku Jeddah. Baba alisoma Ujerumani ujanani akarudi na ugonjwa wa kukusanya makoti ya askari wa kaizari wa zamani, hasa wale wa vikosi vya ulinzi wake. Makoti yana chumba chao chenye kiyoyozi. Zipporah alilala stoo.

Hakuna dobi aliyeaminiwa kuyagusa. Baba alipogundua mfanyakazi wake ana mkono wa sindano, akamkabidhi yeye na kumfundisha kwa picha. Akayashika mafunzo upesi.

"Asu, hii ni kama sare za shule tu," aliniambia kwenye simu. "Ukiona utepe wa mistari miwili kwa kola, huyo ni wa ulinzi. Halafu unacheki begani. Nyeupe ni kikosi cha kwanza, nyekundu cha pili. Vifungo vikiwa vya manjano, hao ni ndugu zao wanaitwa magrenadia, na begani wameshonewa herufi na taji."

Nilimcheka. Nikamwambia amalize kupiga deki kwanza ndipo awe profesa.

Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, na sasa ulikuwa mwaka wa nne. Kaka yake Ephraim alipiga simu kusema figo za mama yao zimeisha, na daktari haongei tena habari za miezi. Zipporah alikuwa amemshonea mama gauni la bluu lenye vifungo kumi mbele, akalituma na Mkenya mwenzake aliyekuwa anarudi. Mama akaapa hatalivaa mpaka siku ya kumpokea bintiye. Lakini huku hutoki bila kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, kukubali. Baba akaahidi kwamba wageni wake wa Jeddah wakishaona makoti, kesho yake atampa karatasi ya kutoka.

Basi baba na Zipporah wakaja Jeddah na makoti machache. Asubuhi ya wageni, Zipporah alikuwa jikoni kwangu akinyoosha koti ambalo baba alijivunia kuliko yote, mabega meupe na vifungo vyeupe, la kikosi cha kwanza. Ghafla akainua pasi.

"Asu, hebu ona."

Begani, mvuke ulikuwa umefichua vitundu vya sindano vilivyochora taji. Kwenye kimoja kulikuwa na uzi mwekundu umenasa. Na vifungo vilikuwa vimeshonwa kwa uzi mpya.

"Huyu si wa kikosi cha kwanza. Ni grenadia," akasema. "Mtu alitoa herufi, akabadilisha vifungo ndio auze kama la kikosi cha kwanza, lile adimu."

"Piga pasi, tundika, nenda kwa mama yako."

"Na mgeni akiona? Mimi ndiye huwa nalitunza, watasema nimeharibu. Halafu mimi ni fundi, Asu. Siwezi kutundika uongo nikiuona."

Akaenda kumwambia. Mimi nilibaki nimeshika mwiko nikingoja kelele. Sikusikia kelele. Baba alileta kioo cha kukuzia, akatazama, kisha akacheka mpaka akatoa machozi.

"Mashallah, Zipporah! Wataalamu watatu wameliangalia, hakuna aliyeona!"

Jioni ile, Zipporah akizungusha kahawa, baba alikuwa anamwonyesha kwa wageni kwa kidole. Yeye akatabasamu. Ndiyo, nilimwona, alifurahi.

Kesho yake alisimama mlangoni na begi lake.

"Baba, ile karatasi yangu."

"Karatasi gani? Nina makoti arobaini Riyadh. Sasa sijui lipi kweli, lipi uongo. Nani ataniangalizia? Malizia hayo kwanza. Mwaka mmoja tu."

"Baba, mama yangu ni mgonjwa sana."

"Inshallah atapona. Halas, basi. Yalla, twende, gari linangoja."

Nilisikia kila neno. Nilimchukia baba, na kwa dakika moja nilimchukia Zipporah pia kwa ule ukweli wake. Angenyamaza, angekuwa angani.

Wiki ya tano alinitumia picha bila maneno. Mama yake amelala kwenye jeneza, amevaa gauni la bluu. Nilipiga simu huku nalia. Yeye hakuwa analia.

"Asu, umeona vifungo?"

"Vifungo gani, mwenzangu?"

"Wameruka cha pili. Kola imepanda upande mmoja. Watu wote wamepita hapo, hakuna aliyeona."

Nikaikuza picha kwa vidole. Ilikuwa kweli.

"Si umwambie Ephraim amrekebishe?"

"Walimzika jana."

Nyuma yake nilisikia baba akimwita. Limefika koti jingine.