Maoni ya Watu juu ya Kaye ya Tano

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, watu wamejaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya fomaje, juu ya kilima cha Muheto, nami nimesimama mbele yao, kalamu sikioni, najiona karani mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kilima kizima hapakuwa na mtu aliyeandika haraka kuliko mimi, na ubaya ni kwamba nilijua.

Ngoja nikueleze kwanza habari ya nyumba ile. Papa Aniseti alikuwa akipokea maziwa ya wafugaji na kuyageuza fomaje, ile jibini yetu ya mviringo. Maziwa yakishatiwa dawa ya kugandisha, hakuna kazi, ni kungoja tu. Wengine wangelala. Yeye alikaa kwenye bidoni, lile debe la maziwa, lililopinduliwa akaandika hadithi katika kaye, madaftari haya haya ya shule. Ilikuwa hadithi ya chombo kikubwa cha angani, jina lake Mapendo, kilichobeba watu na ng'ombe wao kutoka nyota hii kwenda nyota ile, na kapteni wake alikuwa mwanamke anayeitwa Zawadi. Usicheke! Tulikuwa hatuna televisheni, lakini tulikuwa na vita vya angani kuliko ninyi.

Kila kaye ilipokwisha, alitusomea kwa sauti baada ya ibada, Jumapili kadhaa mfululizo. Na alikuwa na desturi moja: kila aliyesikiliza mpaka mwisho alitoa maoni yake, naye akapewa kipande cha fomaje. Hakuna maoni, hakuna fomaje. Kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, walinitajia mimi, nikaandika, na Papa Aniseti akayasoma wiki nzima akingoja maziwa yake. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Nadhani karatasi zile ndizo zilizokuwa zikimpigia hodi.

Kaye nne za kwanza tulizisikiliza midomo wazi. Ikaja ya tano. Humo Zawadi amechoka na vita. Anashuka kwenye sayari ndogo yenye ukungu, anaacha chombo kwa wengine, anaanza kulima maharagi. Kurasa themanini za maharagi! Nilikasirika, mwanangu, mpaka machozi yalinilenga. Na wakati nimekasirika hivyo ndipo watu walipopanga mstari kunitajia maoni yao.

Wa kwanza alikuwa Koko Josefina, bibi kizee aliyelima karibu na shamba letu. Akasema maneno yake, nikaitikia kwa kichwa, nikaandika: "Koko Josefina anasema Zawadi amezeeka na hadithi imezeeka pamoja naye." Akaja Papa Simeoni mfugaji, nikaandika: "Papa Simeoni anasema mwandishi amesahau kazi yake." Nikaendelea hivyo hivyo. Sikuandika uongo mtupu, unajua. Nilichukua neno la mtu, nikalitia chumvi, nikalinoa kidogo, na kwa sababu nilikuwa hodari wa kuandika, yote yalisomeka vizuri. Karatasi tatu zilijaa, na humo watu wote ishirini na kitu walikuwa wamekasirika kama mimi. Nilipewa fomaje yangu nikaila kwa raha zangu.

Jumapili iliyofuata Papa Aniseti hakutokea baada ya ibada. Ile ya pili pia. Maziwa aliyapokea, salamu aliitikia, lakini bidoni la kukalia lilikuwa limesimamishwa na kujazwa maji. Watu wakaanza kuulizana. Mimi nilijiambia anapumzika tu.

Basi asubuhi moja niko shambani napalilia, nikamwona Koko Josefina anapanda mteremko na fimbo yake. Mkononi ana karatasi mbili zenye mafuta. Mkwe wake alikuwa amenunua fomaje, na Papa Aniseti alikuwa ameifungia katika karatasi zile za maoni. Mkwe alipoifungua akamsomea mama mkwe wake yaliyoandikwa.

"Esperansi," akaniambia, "soma hii."

Nikasoma. Sauti ilikuwa ndogo.

"Miye nilisema vile?"

"Koko, nilifupisha tu..."

"Nakuuliza, nilisema vile? Miye nilisema Zawadi alishuka na akapanda maharagi, na mi nikalia. Sababu mi pia nilifika mu kilima hii sina muntu hata moja, nikapanda maharagi. Hakuna muntu alishaandika ile mu kitabu. Ile njo nilikuambia." Akapumua. "Miye sijue kusoma, mutoto yangu. Nilikupatia mudomo yangu uibebe, weye ukabeba ya kwako."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Kisha akanionyesha karatasi ya pili ya kifurushi, nayo ilikuwa ukurasa mwingine kabisa, mwandiko wa Papa Aniseti, na juu yake: Kaye ya Sita. Alikuwa amekwisha kuianza. Sasa alikuwa anaichana kufungia fomaje.

Siku ile sikumaliza kupalilia. Nilichukua daftari jipya nikaenda nyumba kwa nyumba, siku tatu, nikiomba msamaha mlangoni na kuomba maoni upya. Na mara hii, kabla sijaondoka, nilimsomea kila mtu alichosema mpaka akubali kwamba ni chenyewe. Wengine walinisema vya kutosha. Papa Simeoni alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema: "Andika, na usiongeze kitu. Mu kaye ya ine kulikuwa ngombe mia mbili. Mu kaye ya tano hakuna hata moja. Ziko wapi? Nani alikula ngombe za bantu?"

Siku ya nne nilimkuta Papa Aniseti amezamisha mikono katika sufuria ya maziwa, mpaka viwiko. Nilimwambia nilichofanya, moja kwa moja, maana njiani nilitafuta njia ya kuzunguka nikaikosa. Aliendelea kukoroga. Nikafungua daftari nikaanza kusoma. Nilipofika maoni ya Koko Josefina aliacha kukoroga. Kwa yale ya Papa Simeoni alicheka kwa sauti, akasema, "Lakini iko na haki! Nilisahau ngombe!" Wawili walisema hadithi iliwachosha, na hayo pia niliyasoma yalivyo, naye akaitikia kwa kichwa bila kuumia.

Nilipofunga daftari akafuta mikono.

"Na yako?"

"Yangu nini, Papa?"

"Maoni yako. Nimesikia ya kilima muzima. Yako iko wapi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika karatasi zote zile sikuwa nimeandika jina langu hata mara moja. Nikajikuta nasema jambo ambalo hata mama yangu sikuwa nimemwambia: "Nilikasirika ju Zawadi alirudi kwa udongo. Miye nataka kutoka huku, Papa. Nilizani yeye njo atanipeleka."

Akachukua kisu. Akasema, "Ile iko maoni. Ungeniambia tangu siku ya kwanza." Kisha akanikatia kipande cha fomaje kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupata.

Kaye ya sita tuliisikia baada ya mavuno. Ng'ombe walirudi wote mia mbili, pamoja na ndama. Na ndani ya chombo Mapendo kulikuwa na msichana mpya aliyekataa kushuka, mwandishi wa ripoti za safari, hodari kweli, lakini mwongo wa kutisha. Papa Aniseti aliposoma sehemu ile watu wote waligeuka kunitazama, na Koko Josefina alicheka kuliko wote. Nami nilicheka, masikio yananiwaka moto.

Juzi, mwanangu, ulinisomea kwenye telefone yako maoni uliyoandika juu ya kitabu cha saba cha safari zile za nyota unazozipenda. Uliandika "sisi wasomaji wote tumechoka." Nikajiuliza: wote? Umewatembelea lini? Kama kitabu kimekuchosha, sema kimekuchosha wewe, useme na sababu, hata kama sababu inakuaibisha kidogo. Mwandishi anaweza kufanya kitu na sababu yako. Na mtu akikupa neno lake ulipeleke, lipeleke lilivyo, hata kama hulipendi, kisha weka lako pembeni na jina lako juu yake.

Mungu akubariki, mwanangu. Abariki mkono wako na kila unachokiandika, na akupe ujasiri wa kusema "mimi" mbele za watu.